Ulinganisho: toleo la kalenda, toleo la «likiwa tayari», au mfululizo usio na toleo kwa distro ya watu wa kujitolea

mtunza_hazina

Wanajukwaa, naomba tulinganishe njia hizi kwa kina kabla kikundi chetu hakijapiga kura. Tunatunza distro ndogo (mkusanyiko wa mfumo wa Linux na programu zake) yenye vifurushi 900 na ushee, yaani programu zilizofungwa tayari kusakinishwa. Kwenye orodha watunzaji ni 11, ingawa nikiwahesabu waliotia mkono mwezi uliopita nawapata 5 tu, na hakuna hata mmoja anayelipwa. Mpaka sasa tumekuwa tukitoa toleo pale tulipoona inafaa, na la mwisho lilichelewa mno, kiasi kwamba watumiaji walianza kujijengea programu mpya wenyewe juu ya maktaba zetu za zamani (msimbo unaotumiwa na programu nyingi kwa pamoja), kisha wakatuletea ripoti za hitilafu ambazo sisi hatukuweza hata kuziona zikitokea kwenye mashine zetu.

Mezani kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuendelea kutoa toleo likiwa tayari, kama wanavyosema wenzetu wa distro ya Debian. Ya pili ni kufuata kalenda, kama Fedora wanaolenga kila baada ya miezi 6 hivi, au NixOS ambao matoleo yao huitwa kwa mwezi wa Mei na wa Novemba. Ya tatu ni kuachana kabisa na matoleo na kusukuma mabadiliko mfululizo, kama Arch Linux. Mimi naegemea kalenda, kwa kuwa nimeona tarehe ikiwaamsha watu waliolala. Ningependa hasa kuwasikia waliowahi kushika kazi hii waseme ni kitu gani kiliwachosha.

Kiraka

Ndugu mleta mada, nadhani njia yako ya kwanza na ya pili hazipingani kama ulivyoziweka. Ni kweli kwamba Debian hawaahidi siku ya kutoka, na zamani jambo hilo liliwagharimu: toleo la 3.0 lilitoka Julai 2002 na la 3.1 likafuata Juni 2005, karibu miaka 3 baadaye. Lakini zitazame tarehe za karibuni, yaani Juni 2017, Julai 2019, Agosti 2021, Juni 2023 na Agosti 2025. Hiyo ni kalenda ya miaka miwili kwa kila hali, isipokuwa siku yenyewe haitangazwi mapema.

Siri ni kwamba wanachokipangia tarehe ni kuganda. Kwanza huzuiwa mabadiliko makubwa ya maktaba zinazotegemewa na vifurushi vingi, halafu vifurushi vipya navyo hufungiwa mlango, na mwishowe kila badiliko, hata liwe dogo namna gani, hupitishwa mbele ya wasimamizi wa toleo. Tarehe za hatua hizo hujulikana miezi mingi kabla, ilhali siku ya kutoka huamuliwa na hesabu ya hitilafu nzito zilizobaki. Anayejitolea anahitaji kujua lini aache kuleta mambo mapya, na hilo analijua.

Jambo la pili, ambalo kwangu lina uzito kuliko la kwanza, ni namna kifurushi kinavyohama. Kikiingia tawi la «unstable», la mambo mapya, hukaa siku kadhaa, kwa desturi 2, 5 au 10 kulingana na uharaka wake, kisha programu ndiyo inayokagua kama kimejengeka kwenye aina zote za vichakato zinazohudumiwa, kama hakijaleta hitilafu nzito mpya, na kama hakivunji vitegemezi vya wenzake. Kikifaulu kinahamia «testing», tawi linaloandaliwa kuwa toleo lijalo, bila mtu kubonyeza chochote. Kinyume chake nacho hufanyika, kwa maana kifurushi chenye hitilafu nzito isiyoshughulikiwa huondolewa «testing» chenyewe, pamoja na vile vinavyokitegemea. Katika kikundi cha watu 5 wanaofahamiana, mashine inayosema hapana ina thamani kubwa, kwa sababu hakuna anayelazimika kumkatalia rafiki yake kazi aliyoikesha usiku kucha.

BiKerneli

Naafiki alichosema Kiraka, ila wote wawili mmezungumzia siku ya kutoka kana kwamba kazi inaishia hapo. Kilichonichosha mimi, kwa kuwa umeuliza, ni yaliyofuata baada yake.

Kila toleo unaloahidi kulihudumia ni tawi linalodai marekebisho ya usalama mpaka siku utakapolizika. Fedora huhudumia kila toleo kwa takriban miezi 13, maana yake wakati wowote wana angalau matoleo mawili hai pamoja na lijalo linaloandaliwa, na wanaifanya kazi hiyo wakiwa na kampuni ya Red Hat nyuma yao. Debian hulihudumia toleo miaka 3, kisha huduma ya muda mrefu hulifikisha miaka 5, na sehemu kubwa ya huduma hiyo hutegemea fedha za makampuni yanayowalipa watu waifanye. Alpine, ambao kwa ukubwa wanawakaribia ninyi zaidi, wamekata shauri kwa namna ninayoipenda: hazina kuu (ghala la vifurushi vya msingi) huhudumiwa kwa miaka 2, lakini hazina ya jamii hupata huduma mpaka toleo linalofuata litoke tu.

Nimeifanya kazi ya kupandikiza marekebisho kwenye matoleo ya zamani kwa miaka miwili katika distro nyingine. Mara moja nililetewa rekebisho la mistari 6, nikafurahi, kabla ya kugundua kwamba linaita kipande cha msimbo ambacho katika toleo letu la zamani hakikuwepo. Ilinichukua jioni tatu, na mwisho wake nilikuwa na kiraka cha mistari kama 200 kilichosomwa na mtu mmoja duniani, naye ni mimi. Hapo ndipo nilipoogopa.

Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2006 badiliko la mtunzaji kwenye OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche) ya Debian, lililokusudiwa kunyamazisha onyo la chombo cha kukagua kumbukumbu, liliondoa karibu unasibu wote katika utengenezaji wa funguo, hivi kwamba kwa kila aina na urefu wa ufunguo, kwenye aina moja ya kichakato, zilibaki funguo 32,768 tu zinazowezekana. Iligunduliwa Mei 2008. Sisemi hayo kumlaumu mtu. Nasema kwamba kiraka kinachobebwa na distro peke yake, bila kurudishwa kwa waandishi wa asili na kukubaliwa nao, ni deni linalokua. Hivyo kabla ya kuahidi kalenda, hesabu ni matawi mangapi watu 5 wanaweza kuyasoma kwa macho yao. Kwa maoni yangu ni moja na nusu.

Shahidi64

Basi hesabu ya BiKerneli inatupeleka kwenye njia ya tatu. Arch Linux wameishi hivyo tangu 2002. Hawana tawi la zamani la kupandikizia chochote, kwa hiyo rekebisho likitolewa na waandishi wa asili wao hujenga toleo jipya na kazi imekwisha. Masharti wanayompa mtumiaji ni makali lakini yako wazi: husasishi kifurushi kimoja na kuacha vingine, unasasisha vyote au unaacha vyote.

Naomba pia tuondoe dhana kwamba mfululizo maana yake ni kumwaga tu. Arch wana hazina za majaribio ambako vifurushi vya msingi hupita kwanza. openSUSE Tumbleweed wamekwenda mbali zaidi, kwani huchukua picha ya hazina nzima kwa pamoja, wakaipitisha openQA, ambayo huwasha mashine pepe, husakinisha mfumo na kulinganisha kinachoonekana kwenye skrini na kilichotarajiwa. Picha isipofaulu haitoki, na mtumiaji hajui hata kwamba ilikuwepo.

Gharama yake ni hii, na siifichi: maktaba ikibadilisha kiolesura chake, yaani namna programu zinavyoiita, kila kinachoitegemea lazima kijengwe upya na kuhamishwa kwa wakati mmoja. Ukiwa na vifurushi 900 unaweza kuvimudu kwa kuviweka pembeni katika hazina ya maandalizi mpaka vyote vikamilike. Ukikosa nidhamu hiyo, asubuhi moja watu wataamka na mifumo isiyowaka.

mtoro_wa_zamu

Mimi ni mtumiaji tu, nimewahi kutunza vifurushi viwili nikashindwa. Nauliza: mlango wa nyuma (msimbo wa siri wa kuingilia mifumo) uliowekwa kwenye xz, programu ya kubana mafaili, na uliofichuliwa mwishoni mwa Machi 2024 uliingia wapi? Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalifika Debian «unstable» na «testing», Rawhide (tawi la maendeleo la Fedora), Arch na Tumbleweed. Debian «stable», toleo lililokwisha kutoka, halikuguswa. Aliyekawia ndiye aliyenusurika.

Shahidi64

Ni kweli, wala sitalizunguka. Lakini mkasa huo tuutazame mpaka mwisho. Andres Freund aliugundua kwa sababu alikuwa akipima kasi kwenye mashine ya Debian «unstable», akaona kuingia kwenye mashine kutoka mbali kwa ssh kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Kama kila mtu angekuwa kwenye tawi la polepole, jicho hilo lisingekuwepo, na pengine msimbo ule ungefika «stable» baada ya kungoja muda wake kwa utulivu. Kuchelewa kunasaidia pale tu mwingine anapotangulia.

Na kwa watunzaji kuna somo la kiufundi lisilohusiana na kasi. Sehemu iliyowasha hila ile ilikuwa ndani ya kifurushi cha msimbo kilichotolewa na mradi, na haikuwepo kwenye hazina ya git (chombo cha kutunza historia ya msimbo) ambayo watu huisoma. Kwa hiyo sisi tulianza kujenga moja kwa moja kutoka git inapowezekana, na isipowezekana tunalinganisha vyote viwili. Ni kazi ya kuchosha, lakini huandikwa mara moja kwenye maelekezo ya ujenzi na baada ya hapo mashine ndiyo inayolinganisha.

yatima_tisa

Mmesahau kwamba nyuma ya xz kulikuwa na mtunzaji mmoja wa kujitolea aliyechoka, aliyesukumwa na barua za watu wasiojulikana mpaka akampokea msaidizi. Mleta mada ana watu 11 kwenye orodha na 5 kazini. Wale 6 wengine wameshika vifurushi vingapi? Hilo ndilo swali langu, na njia zote tatu hazilijibu.

Distro kubwa zimelazimika kutunga taratibu za kuondokewa. Debian humruhusu mtunzaji kutangaza kifurushi kuwa yatima bila aibu, na pia humruhusu asiye mtunzaji kupakia rekebisho, kwa kawaida kupitia foleni ya kuchelewesha inayoweza kufika siku 15, ili mwenyewe apate nafasi ya kusema kitu. Fedora wakiona kifurushi yatima hakijachukuliwa na mtu kwa wiki 6, hukistaafisha. Gentoo nao hupendelea baadhi ya vifurushi vishikwe na kundi, ili mtu akiugua au akipata mtoto kazi isisimame.

Kwetu tulifanya jambo dogo ambalo naona liliokoa kuliko uchaguzi wowote wa namna ya kutoa matoleo. Kila kabla ya kuganda, kila kifurushi hudaiwa upya: mtu huandika kwamba bado anakitunza. Kisichodaiwa hupewa wiki 4, kisha hutoka. Mara ya kwanza tulipoteza karibu theluthi ya hazina, na malalamiko tuliyopata yalihusu vifurushi visivyozidi kumi. Viwili kati ya hivyo vilirudi pamoja na watunzaji wapya, ambao ni walalamikaji wenyewe.

Kiraka

Hilo la kudai upya naliiba leo.

mtunza_hazina

Nawashukuru, na nakiri kwamba mmenitoa nilipokuwa. Nimekagua baada ya swali la yatima_tisa: wale 6 wasioonekana wameshika vifurushi 412, na kati ya hivyo mna maktaba mbili zinazotegemewa na karibu kila kitu. Kalenda ingenipa tarehe, lakini isingenipa mtu wa kuzijenga.

Nitakachowapelekea wenzangu ni mchanganyiko. Tutaanza na kudai upya, bila kugusa kingine chochote. Kitakachobaki kitaendeshwa kwa mfululizo, kikipita hazina ya maandalizi na ukaguzi wa kiotomatiki kama ule wa Kiraka, kisha kitatoka kama picha moja ya pamoja pale inapofaulu. Tawi tulivu tutalibakiza kwa ajili ya kerneli (kiini cha mfumo), maktaba ya C, zana za msingi na seva ya ssh, mambo ambayo watu 5 wanaweza kuyasoma. Hiyo ndiyo «nusu» ya BiKerneli, kama nimemwelewa.

BiKerneli

Umenielewa. Swali moja la mwisho: picha hiyo ikifaulu, inatiwa sahihi ya kidijitali, ile inayowathibitishia watumiaji kwamba imetoka kwenu, na nani? Nauliza kwa sababu umesema «kitatoka» kana kwamba kitatoka chenyewe.

mtunza_hazina

Na mimi. Ufunguo uko kwenye kompyuta yangu, hakuna nakala, na unaisha muda wake baada ya miezi 4. Nilikuwa sijawahi kuliandika hilo mahali popote mpaka sasa.

BiKerneli

Basi kura isubiri. Tengeneza cheti cha kubatilisha ufunguo huo leo, umkabidhi mwenzako mmoja akitunze nje ya mtandao. Kisha unda ufunguo mpya ambao watu wawili wanao, utie sahihi ufunguo mpya kwa ule wa zamani wakati bado uko hai, na uutume kwa watumiaji ndani ya kifurushi cha funguo muda mrefu kabla haujaanza kutumika. Atakayesasisha baada ya miezi 4 bila kuwa na kifurushi hicho ataambiwa na mashine yake kwamba ninyi si ninyi.

mtunza_hazina

Cheti kimeshatengenezwa. Natafuta wa kumkabidhi, na nimewaandikia wote 11.