Wakuu naombeni msaada: apt imegoma kabisa baada ya kuongeza repo, sitaki kufomati

Kipanga Mweusi
Habarini wana jukwaa. Nina laptop yenye Debian 12 (mfumo wa Linux), haijawahi kunisumbua. Nilitaka toleo jipya la programu ya kuhariri video kwa sababu lililopo kwenye Debian limeshapitwa, nikaongeza repo (ghala la programu mtandaoni) moja ndogo tu. Sasa apt, ile ya kuinstolia programu, imegoma. Kila ninachotaka kuinstoli kinaishia kwenye pakeji zilizovunjika. Naomba anayejua amri ya kurudisha kila kitu kilivyokuwa. Tafadhali msiniambie nifomati, hilo nalijua na silitaki. Humo ndani kuna kazi za watu.

Chura wa Kisima
Pole mkuu. `sudo apt --fix-broken install`, kisha riboti. Mimi ilinisaidia.

Mzee wa Root
Hamia Fedora ndugu yangu upumzike. Haya mambo ya Debian ni ya watu wenye subira.

Bi Terminali
"Repo moja ndogo" ndiyo ipi? Weka hapa yaliyomo kwenye `/etc/apt/sources.list` na kwenye folda ya `sources.list.d`. Bila hivyo tunapiga ramli.

Kipanga Mweusi
Dada, repo siyo tatizo tena, nilishaitoa. Ninachohitaji ni amri ya kurudisha.

Bi Terminali
Kuitoa repo hakuondoi vilivyokwisha kuingia kupitia hiyo repo. Weka mistari.

Kipanga Mweusi
Haya.
`deb http://deb.debian.org/debian bookworm main`
`deb [trusted=yes] http://archive.ubuntu.com/ubuntu noble main universe`
Na PPA (repo binafsi ya Ubuntu) ya hiyo programu, nayo ni ya noble.
Kabla hamjanirukia: PPA ilidai libc6 (maktaba ya msingi inayotegemewa na karibu kila programu) kuanzia 2.38, na Debian 12 ina 2.36. Ningeitoa wapi? Ubuntu imetokana na Debian, zote zinatumia .deb. Na programu iliingia vizuri tu, ikafunguka. Kasheshe imeanza nilipofanya full-upgrade, yaani kupandisha pakeji zote.

Mzee wa Root
Noble ndani ya bookworm, yaani Debian 12 😂😂 Hiyo siyo repo ndogo mkuu, hiyo ni Ubuntu 24.04 nzima umeifungulia mlango.

Ngalawa
Kinachonisikitisha mimi ni hiyo `trusted=yes`. Maana yake umeiambia apt isihakiki saini, ipokee chochote kutoka kwa yeyote. Vijana mnataka mteremko. Zamani tulikuwa tunasoma mwongozo kwanza ndipo tunagusa kibodi. Debian wenyewe wana ukurasa mzima kwenye wiki yao, DontBreakDebian, na mchanganyiko wa namna hii wameupa jina kabisa: FrankenDebian. Lakini nani anasoma siku hizi?

Chura wa Kisima
Mzee Ngalawa kaombwa ushauri, siyo hotuba.

Pweza Mtulivu
Umenikumbusha mbali. Mimi nilichanganya stable na sid (Debian imara na ile isiyo imara) kwa ajili ya dereva ya wifi. Wifi ikakubali, ila desktop ikaondoka yote, nikabaki na skrini nyeusi na kishale kinapepesa. Nilikaa hivyo siku kadhaa nikisoma barua pepe kwa mutt, programu ya maandishi matupu, na sitanii, sijawahi kufanya kazi nyingi kama kipindi kile. Hakuna video, hakuna kelele. Mpaka leo mutt sijaiacha. Kwa hiyo mleta uzi usikate tamaa, pengine ni neema.

Bi Terminali
Turudi kwenye mada. Kipanga, sikiliza kilichotokea. Repo zote mbili kwa apt zilikuwa na kipaumbele kilekile cha 500. Vipaumbele vikilingana, anayeshinda ni mwenye namba kubwa ya toleo, na noble ya 2024 karibu kila mahali ina namba kubwa kuliko bookworm ya 2023. Kwa hiyo full-upgrade haikukosea, imefanya ulichoiambia: imeibadilisha Debian yako kuwa Ubuntu, pakeji moja baada ya nyingine, mpaka ikakutana na zisizoweza kukaa pamoja ikakwama njiani. Halafu mwaka 2024 Debian na Ubuntu walihamisha hesabu ya muda kwenda biti 64 kwa mashine za biti 32, kukwepa tatizo la mwaka 2038 hesabu ya biti 32 itakapojaa, na maktaba nyingi zikabadilishwa majina. Ndiyo maana unaona `libssl3t64` inagombana na `libssl3`.

Swali langu: baada ya full-upgrade kukwama, ulifanya nini kingine?

Kipanga Mweusi
Kweli, hata ikiwaka sasa inajiita Ubuntu 24.04, nilidhani ni mapambo tu.
Hakuna kingine cha maana. Nilijaribu njia za kawaida za mtandaoni.

Bi Terminali
Njia zipi? Andika amri yenyewe.

Kipanga Mweusi
Nilipakua libc6 2.36 ya Debian nikairudisha kwa `dpkg --force-all -i`, yaani kwa kulazimisha. Na kwa mantiki nilikuwa sahihi: kama tatizo limeletwa na libc mpya, unarudisha ya zamani. Sasa hivi nikigusa apt inaleta hii:
`apt: /lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6: version 'GLIBC_2.38' not found (required by /lib/x86_64-linux-gnu/libapt-pkg.so.6.0)`
Nimeshapakua na libc-bin na libstdc++6 za zamani. Nataka tu mtu anithibitishie nianze na ipi.

Mzee wa Root
Innalillahi.

Bi Terminali
USIANZE NA YOYOTE. Na hiyo terminali iliyo wazi usiifunge, wala usiriboti. Hili ndilo ulilopaswa kulisema kwenye mstari wa kwanza.

Mkuki Butu
Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai, tena bila sukari. Someni vizuri. Anasema programu zake ni za noble na libc ameirudisha 2.36. Kwa hali hiyo `ls` haiwaki, `cat` haiwaki, hata bash mpya (inayopokea amri kwenye terminali) haiwaki. Sasa hiyo sources.list ameisoma na nini? Na ilikuwaje aseme ameshaitoa repo halafu mistari anayo? Juzi tu kulikuwa na mwingine humu "aliyefuta /boot". Watu wanatunga wapate likes.

Chura wa Kisima
Duh. Mimi nilishaanza kumwombea.

Kipanga Mweusi
Mkuki, naandika kwa simu. Ile mistari niliiweka mwenyewe, nimeiandika kwa kukumbuka. Sina sababu ya kutunga uzi ili nitukanwe bure.

Bi Terminali
Mkuki ana hoja, ila hajamaliza kuifikiria. Dpkg huandika faili jipya pembeni kisha hulibadilishia jina. Bash iliyokuwa wazi kabla ya hapo bado imeshikilia libc iliyokuwepo kabla hujairudisha 2.36 kwenye kumbukumbu, kwa hiyo inaendelea kupumua, na amri zilizo ndani ya bash yenyewe zinafanya kazi: `cd`, `echo`, `read`. Kipanga, andika `echo /etc/apt/sources.list.d/*` utuambie inaleta nini.

Kipanga Mweusi
Imeleta faili moja tu, jina linaishia na `-noble.list`. Na kweli `ls` imekataa, echo imekubali! Sikujua kama hizi ni vitu viwili tofauti.

Mkuki Butu
Hata mimi naweza kuandika hivyo kwa simu. Picha iko wapi?

Pweza Mtulivu
Iwe chai isiwe chai, mimi nataka kujua inatengenezwaje. Dada endelea.

Bi Terminali
Kurudi nyuma hakuna njia. Debian haitoi msaada wowote kwa kushusha matoleo. Mimi ningeenda mbele. Debian 13, trixie, ilitoka Agosti 2025 ikiwa na glibc (ndiyo hiyo libc) 2.41, na noble ina 2.39. Yaani trixie imeipita noble kwa pakeji nyingi, na apt itakubali kupanda bila kulazimishwa.

Tafuta kompyuta nyingine utengeneze fleshi ya Debian ya kuwashia. Washa nayo, maunti diski yako kwenye `/mnt`, na kabla ya yote nakili `/home` na `/etc` kwenye diski ya nje. Hizo kazi za watu zitoke kwanza. Kisha pakua libc6 ya noble, ifungue kwa `dpkg-deb -x` ndani ya folda ya pembeni kama `/tmp/libc`. Usiifungulie moja kwa moja juu ya `/mnt`: kwenye Debian 12 `/lib` ni kiungo tu cha kwenda `/usr/lib`, na ukikigeuza kuwa folda halisi utakuwa umefungua uzi mwingine. Nakili maktaba zenyewe kwa mkono kwenda `/mnt/usr/lib/x86_64-linux-gnu`. Jaribu `chroot /mnt`, yaani kuingia ndani ya mfumo ulio kwenye diski yako. Bash ikifunguka, toka, maunti `/dev`, `/proc` na `/sys` kwa `--bind`, rudi ndani, futa repo zote ubakize trixie peke yake. Halafu `apt update`, `dpkg --configure -a`, `apt --fix-broken install`, `apt full-upgrade`. Soma orodha ya vinavyoondolewa kabla ya kubonyeza ndiyo.

Ngalawa
Mimi ningenakili /home na kuinstoli upya. Nusu saa kazi imeisha, na mashine inakuwa safi.

Kipanga Mweusi
Nilisema sifomati. Mashine ni ya ofisi na ina leseni za programu ambazo sina tena namba zake.

Mkuki Butu
Kumbe ya ofisi! Kila ukurasa linatoka jipya.

Kipanga Mweusi
Mrejesho. Data imetoka yote. Bash ilifunguka kwenye chroot, full-upgrade ikachukua usiku mzima, asubuhi ikawaka na inajiita Debian 13. Programu ya video iliondolewa njiani, nimechukua ya trixie na inanitosha. Lakini Thunderbird, ya barua pepe, inagoma kufunguka, na apt inasema tayari ni toleo la mwisho.

Bi Terminali
`apt list --installed | grep ubuntu`, lete majibu.

Kipanga Mweusi
Zimebaki chache, na Thunderbird imo: `2:1snap1-0ubuntu3`.

Bi Terminali
Hiyo siyo Thunderbird, ni ganda tupu la Ubuntu linalokuelekeza uchukue snap (aina nyingine ya pakeji). Tarakimu iliyo kabla ya nukta mbili huangaliwa kwanza, na ya Debian inaanza na 1, kwa hiyo haitaipita ya Ubuntu hata ikiwa mpya vipi. Andika `apt install thunderbird/trixie`, itakuuliza kuhusu kushusha, kubali. Hizo nyingine fanya vivyo hivyo, moja moja.

Kipanga Mweusi
Na barua zangu?

Bi Terminali
Ziko `~/.thunderbird`. Apt haigusi humo.

Mkuki Butu
Picha bado tunaisubiri.