Jengo la Kirumi na makaburi nje ya ukuta wa Colchester: je, niliite kanisa?

Mwanafunzi wa Mwiko

Shikamooni wakubwa, na wenzangu nawasalimu. Nilisomea akiolojia Dar es Salaam na sasa niko Uingereza kwa shahada ya uzamili. Sura ya tatu ya tasnifu yangu inahusu eneo la Butt Road mjini Colchester, nje ya pembe ya kusini-magharibi ya ukuta wa Kirumi. Katika miaka ya 1970, kabla ya kituo kipya cha polisi kujengwa hapo, wanaakiolojia walifukua makaburi zaidi ya 600 na misingi ya jengo refu la mawe, urefu wake karibu mita 25 na upana wake mita 7 na kitu. Jengo hilo ni la karne ya 4, limeelekea mashariki, na upande huo wa mashariki liliongezewa ukuta wa nusu duara. Makaburi mengi ya kipindi hicho nayo yamechimbwa magharibi kwenda mashariki, na aghalabu maiti hawakuwekewa chochote cha thamani.

Kwa kuwa mambo hayo huhusishwa na Wakristo, mimi niliandika "kanisa" tangu aya ya kwanza. Msimamizi wangu amelipigia neno hilo mstari mwekundu kila lilipotokea, na pembeni ameandika swali moja tu: "Kwa ushahidi gani?" Nimebakiza wiki mbili. Naomba ushauri: nilitetee neno langu au niliondoe?

Fundi Matabaka

Marahaba. Usilitetee wala usiliondoe kwanza, lihamishe. Neno hilo mahali pake ni mwisho wa sura, na umelianzia.

Tenga mambo yasiyothibitisha kitu. Makaburi kuwa nje ya ukuta hakukuambii dini ya waliozikwa, kwa sababu sheria ya Roma, tangu zile Mbao Kumi na Mbili za katikati ya karne ya 5 kabla ya Kristo, ilikataza kuzika au kuchoma maiti ndani ya mji. Mpagani na Mkristo wote walitolewa nje ya lango.

Yenye uzito ni mabadiliko. Pale Butt Road kuna makaburi ya awali yaliyochimbwa kaskazini kwenda kusini, kisha yakaja haya ya magharibi-mashariki. Onyesha kaburi lipi limelikata lipi, maana shimo linalokata jingine ndilo changa. Kisha zitazame sarafu, ambazo ndani ya jengo zilipatikana kwa mamia. Sarafu iliyo chini ya mifupa inakuambia kwamba kaburi haliwezi kuwa la kale kuliko sarafu hiyo, lakini haikuambii ni changa kwa miaka mingapi. Wanafunzi wengi huteleza hapo: wanasoma mwaka wa sarafu kana kwamba ni mwaka wa mazishi.

Binti wa Lamu

Naongezea kwa fundi, maana suala la mwelekeo linanigusa. Huku pwani nasi tunachimba makaburi mashariki-magharibi. Mgeni akiona mashimo matupu ya Gedi na ya Colchester atasema ni desturi moja, kumbe ziko mbali kabisa. Kwetu Makka iko kaskazini, kwa hiyo maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia, kichwa mashariki, uso ukielekea kibla, mara nyingi ndani ya mwanandani. Wale wa Butt Road wamelazwa chali, vichwa vikiwa magharibi, ili aliyelala akiinuka atazame jua linakochomoza. Mstari ni ule ule, kichwa kiko ncha nyingine. Kwa hiyo kaka, au dada, usiandike "makaburi ya mashariki-magharibi" ukaishia hapo. Andika kichwa kiko wapi, uso umeelekea wapi, mikono imewekwaje.

Mkaa Winchester

Hata kichwa kuwa magharibi hakutoshi. Hapa Winchester kuna makaburi ya Lankhills, nayo ya karne ya 4 na nje ya mji, ambako wengi wamelazwa vichwa magharibi vilevile, lakini wamezikwa na vyungu, bangili na vikuku, na baadhi ya wanaume wana vibanio vya joho vya watumishi wa dola. Linganisha na Poundbury karibu na Dorchester, yenye makaburi zaidi ya 1,000 yaliyopangwa kwa safu na karibu yote bila vitu. Ukiiweka Butt Road kati ya hizo mbili, msomaji ataona mwenyewe iko karibu na ipi.

Na kwa kuwa unaandika juu ya Colchester, likumbuke jiwe la kaburi la Longinus, askari wa farasi kutoka Thrace, upande wa Balkani, lililopatikana mwaka 1928 sanamu yake iliyochongwa juu ikiwa haina uso. Kwa miaka mingi watu walisimulia kwamba wafuasi wa Boudica, malkia wa wenyeji aliyewaasi Warumi, ndio waliolivunja katika uasi wa mwaka 60 au 61. Mwaka 1996 uso ukapatikana pale pale, na sasa wengi wanaona huenda sururu za vibarua wa 1928 ndizo zilizouvunja. Hadithi ilikuwa tamu mno kiasi kwamba hakuna aliyeuliza swali la msimamizi wako.

Mama Misumari

Mimi nitasema jambo dogo. Katika uchimbaji wangu wa kwanza wa mafunzo nilipewa kaburi moja la Kirumi, nikaondoa udongo kwa mwiko mdogo na brashi, na kila nilipokuta msumari wenye kutu niliutia katika mfuko mmoja. Nikapata kumi na saba, nikafurahi. Kiongozi wa eneo akaniuliza ule wa kwanza ulikuwa upande gani wa goti, ncha yake ikitazama wapi. Sikuwa na jibu. Mbao za jeneza zilikuwa zimeoza zamani na misumari ndiyo pekee iliyobaki kuchora umbo lake, nami nilikuwa nimelivuruga jeneza zima ndani ya mfuko. Tafuta katika ripoti michoro ya misumari, kaburi kwa kaburi. Mpangilio wa majeneza utakusaidia kuliko maneno ya jumla.

Binti wa Lamu

Na chakula je? Nakumbuka ndani ya jengo lile mlipatikana mifupa ya nguruwe na kuku.

Fundi Matabaka

Hapo ndipo penye ubishi. Warumi walikuwa na siku za kuwakumbuka wafu, tarehe 13 hadi 21 Februari, na jamaa walikwenda makaburini wakala na kumimina divai. Kule Caerleon, Wales, kuna kaburi lenye bomba la madini ya risasi lililotoka juu ya ardhi hadi kwenye majivu ya marehemu, ili aliye chini naye apate fungu lake. Wakristo wa mwanzo nao hawakuiacha desturi hiyo mara moja. Walikula makaburini, kama sisi tunavyokula hitima. Basi mifupa ya kuku inaweza kuwa ya ukumbi wa karamu za wafu, na inaweza kuwa ya kanisa la makaburini.

Mwanafunzi wa Mwiko

Nawashukuru sana. Nimepanga upya: nitaanza na makaburi yanayokatana, nifuate na vichwa na misumari, kisha Lankhills na Poundbury, ndipo niingie ndani ya jengo na sarafu zake. Nimebaki na swali moja. Katika kurasa hizo zote kabla ya mwisho nitaliitaje?

Mkaa Winchester

Liite "jengo la makaburini". Ukifika kwenye ule ukuta wa nusu duara, eleza kwamba uliongezwa baadaye, maana aliyeuongeza alikuwa na haja ambayo mjenzi wa kwanza hakuwa nayo, na haja hiyo ndiyo hoja yako bora.

Mama Misumari

Na misingi bado ipo, kando ya barabara, inaonekana bila kiingilio. Nenda asubuhi na dira, usimame upande wa magharibi.