Roth IRA: kipato kimepita kikomo na hela imeshaingia, nifanyeje?

Mtoa uzi
Wakuu, habari zenu. Niko Marekani, sina ndoa. Kwa mwaka 2025 nimeweka dola 7,000 zote zinazoruhusiwa kwenye Roth IRA (akaunti ya akiba ya uzeeni, ina kikomo cha kipato), kumbe kipato kimefika 156,000. Nitoe yote?

Kitonga
Usitoe yote, mkuu. Kwa 2025 asiye na ndoa huanza kupunguziwa kiasi anachoruhusiwa kuweka kipato kikipita 150,000, na akifika 165,000 mlango umefungwa. Wanandoa wanaojaza pamoja ni 236,000 hadi 246,000. Wewe umeingia 6,000 ndani ya pengo la 15,000, yaani asilimia 40. Asilimia 40 ya 7,000 ni 2,800: hiyo ndiyo iliyozidi. 4,200 ni halali yako.

Ila hiyo 156,000 umeitoa wapi? Kwenye W-2 (fomu ya mshahara wa mwaka kutoka kwa mwajiri) soma kisanduku cha 1, siyo cha 5. Cha 5 bado kina makato ya 401(k), akiba ya uzeeni ya kazini, na IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) haiyahesabu hapa. Wengi hutoa hela bure kwa kusoma kisanduku kisicho chake.

Mtoa uzi
Ni cha 1, na riba ya benki nimejumlisha.

Mama Hesabu
Basi shughulikia hiyo 2,800. Ukiiacha unatozwa asilimia 6, dola 168, kila mwaka mpaka itoke. Kama ritani ya kodi umeipeleka kwa wakati, una hadi 15 Oktoba 2026.

Ukichagua kuitoa, tafadhali usibonyeze tu "toa pesa". Iombe kampuni inayotunza akaunti fomu ya kuondoa mchango uliozidi, wakupigie hesabu ya faida iliyozaliwa na hiyo 2,800. Lazima itoke nayo, na inalipiwa kodi ya 2025.

Au ihamishie IRA ya kawaida (traditional) bila kudai punguzo la kodi, ujaze fomu 8606 (ya kuonyesha kuwa hela hiyo imeshalipiwa kodi), kisha uigeuze kuwa Roth.

Kitonga
Hapo kwenye kugeuza pana mtego. Una IRA nyingine ya zamani ambayo haijalipiwa kodi? IRS inazichanganya zote. Ukiwa na 25,200 za zamani, hiyo 2,800 ni sehemu moja ya kumi, hivyo ukigeuza 2,800, dola 2,520 kati yake zitahesabiwa kuwa kipato cha kukatwa kodi. Dawa yake ni kuzihamishia zile za zamani 401(k) ya kazini, kama mpango wao unapokea, kabla ya 31 Desemba ya mwaka unaogeuza.

Mtoa uzi
Sina nyingine. Na mchango wa 2026?

Mama Hesabu
Usiweke Januari. Subiri W-2 ya 2026 itoke. Mchango wa 2026 unapokelewa hadi 15 Aprili 2027.