Tupeane uzoefu: mnaolala na splinti za mikono kwa ajili ya baridi yabisi

Bibi_wa_Kibirizi (Kigoma)
Habari zenu wakuu. Nimekaa hapa barazani sijui nicheke au nilie. Mjukuu wangu jana kaona zile splinti zangu za usiku, yale magamba ya plastiki ya kushikilia mkono, zinanuka jasho, kaziosha vizuri tu mtoto wa watu, kisha kazipandisha juu ya bati la banda la kuku zikauke. Narudi kutoka sokoni saa nane mchana nakuta moja imejikunja kama mgebuka kwenye mafuta, kidole gumba kinaangalia Kongo. Kwa wasiojua, ile plastiki wanailainisha kwenye maji ya moto kama nyuzi 65 au 70 hivi, wanakulazia mkononi ingali laini, wanaishikilia mpaka inakuwa ngumu. Sasa bati la huku mwezi wa tisa si ndo maji ya moto yenyewe!
Nna mwaka wa sita na baridi yabisi, ile ya rheumatoid ambayo kinga ya mwili inageuka inakula viungo vyako, ilinianza na miaka 41 kwa hiyo msinambie uzee. Wenzangu mnaishije na hivi vidude? Wale wa mafuta ya nyoka naomba mpite kushoto.

Bati_Jekundu
Kinaangalia Kongo 😂😂 bibi utatuua

Fundi_Ipuli (Tabora)
Pole mama angu. Mimi fundi cherehani, ya kwangu ni ya mchana, ya kitambaa, ina kipande cha chuma chini ya kiganja kinazuia kifundo kisikunje, vidole viko huru. Bila hiyo sishiki mkasi, nikikata suti moja usiku silali. Ila faida yake kubwa sikuitegemea, ni SALAMU. Huku kwetu mzee akikupa mkono haachii mpaka aulize habari za nyumbani, za mashamba na za mvua, na anaposhika ndo anakamua. Kuna siku msibani nilipewa mikono kama sitini, nilitoka pale nikaenda nyuma ya mwembe nikalia, watu wakajua nalia marehemu. Siku hizi wakiona gamba wananipa kiwiko. Nikienda msibani navaa hata kama mkono hauumi, Mungu anisamehe.

Mama_Tunu
Fundi umenikumbusha mbali. Kanisani wakisema tupeane amani mi najifanya natafuta hela ya sadaka kwenye pochi

Mzee_wa_Tiba
Nyie wote mnateseka bure. Hiyo ni gauti. Acheni nyama nyekundu na maharage, kunyweni maji ya ndimu asubuhi, mwezi mmoja mtakuja kunishukuru.

Fundi_Ipuli (Tabora)
Mzee shikamoo, ila gauti ni kitu kingine, ile ni asidi ya yuriki na mara nyingi inaanzia kidole gumba cha mguu, inakupiga usiku mmoja hata shuka likikugusa unapiga kelele. Hii yetu inakuja mikono yote miwili kwa pamoja, asubuhi vidole vigumu saa nzima au zaidi. Mimi maharage niliacha miezi minne, nilichopunguza ni uzito tu.

Mzee_wa_Tiba
Marahaba. Vijana mnasoma sana simu.

Bati_Jekundu
Mzee na wewe hapo umeshika nini kama si simu

Mama_Mapacha_Mtarajiwa (Ujiji)
Mi huwa nasoma tu siandikagi, ila hiyo splinti ya bibi imenirudisha 2021 nimeshindwa kunyamaza. Nilipotaka mtoto wa pili daktari alinitoa kwenye methotrexate, ile dawa yetu ya mara moja kwa wiki, miezi kadhaa kabla maana haifai kabisa na mimba, nikajua nitakufa kwa maumivu, kumbe ujauzito wote mikono ikatulia, nikawa nasonga ugali wa muhogo mwenyewe, na mnaujua ugali wa muhogo ulivyo, nikasema nimepona nikatoa hadi shukrani kwa majirani. Nimejifungua, wiki ya sita weee. Vidole vimejaa kama ndizi mbivu, kifungo sifungi, nepi sikamui, mtoto nambeba kwa viwiko kama mzigo wa kuni. Wakanitengenezea splinti mbili, kuanzia chini kidogo ya kiwiko mpaka ncha za vidole, zina mikanda mitatu mitatu ya kunata, ile inayolia khaaa ukiivuta. Nikaambiwa lala nazo.
Usiku wa tatu mume yuko ziwani, giza limeingia ndo wakati wao wa dagaa, na umeme umekatika. Nasikia mtoto anakoroma, ila sio koromo la usingizi. Amepaliwa na maziwa. Natafuta simu niwashe tochi, nitaiwasha na nini, vidole vyote viko ndani ya plastiki! Najaribu kumnyanyua anateleza, ni kama kuokota yai kwa miiko miwili. Nikauma mkanda wa mkono wa kulia kwa meno, wa kwanza ukatoka, wa pili ukatoka, wa tatu ukanasa kwenye nywele zangu nikavuta na nywele zenyewe. Mkono umetoka lakini mgumu kama mchi, haukunji. Bas nikamsukumia juu ya ule mkono wa kushoto wenye splinti, kifudifudi, kichwa kiko chini, nikaanza kumpiga mgongoni katikati ya mabega kwa kiganja. Moja. Mbili. Tatu. Ya nne akatapika akalia. Nilikaa chini sakafuni nikalia na mimi mpaka mama mwenye nyumba akaja kugonga akidhani nimevamiwa.

Mama_Tunu
Mwili wote umesisimka. Mtoto yuko salama??

Mama_Mapacha_Mtarajiwa (Ujiji)
Yuko hapa anachora ukuta

Simba_wa_Gungu
Na baba anaenda ziwani anakuacha na mikono imefungwa? Hapo tatizo sio splinti dada.

Mama_Mapacha_Mtarajiwa (Ujiji)
Kaka hela ya kutengeneza hizo splinti ilitoka ziwani humohumo. Usinianzie.

Simba_wa_Gungu
Nimesema tu

Mama_Tunu
Usiseme tu. Wanaume wa humu kila stori mnatafuta wa kulaumu

Nesi_Mstaafu (Tabora)
Wanangu tulieni. Mama uliyekaribia kumpoteza mtoto, pole sana, na hapo kuna aliyesahau kukwambia: unaweza kuvaa mkono mmoja leo, mwingine kesho. Mwenye mtoto mchanga namwambia hivyo, tena mkono unaoutegemea ndo ubaki huru zamu ya kunyonyesha. Halafu splinti haiponyi. Inapumzisha kiungo kilichovimba na kupunguza maumivu, vidole vinavyolala upande wa kidole cha mwisho usitegemee itavirudisha. Kazi ya kuzuia ugonjwa ni ya dawa. Na asubuhi ukivua usikimbilie ndoo, weka mikono kwenye maji ya uvuguvugu, fungua na kufumba taratibu, usipofanya hivyo mkono utazoea kulala.

Asali_Sikonge
Mi nilivaa mchana na usiku wiki tatu mfululizo nikijua ndo dozi, mkono ukakakamaa nikashindwa kushika kijiko. Kwa hiyo mi nasema tupeni hizo plastiki.

Fundi_Ipuli (Tabora)
Sasa ndugu yangu ulivaa vibaya halafu unailaumu plastiki

Asali_Sikonge
Nimelipa hela yangu nalaumu ninachotaka. Dada yangu yeye kapona kwa unga wa mizizi, kijiko kimoja tu asubuhi, siku ya tatu anafua mablanketi.

Nesi_Mstaafu (Tabora)
Siku ya tatu? Na uso umeanza kuwa wa mviringo, mashavu yamejaa, anakula sana?

Asali_Sikonge
Eeh amenawiri, umejuaje

Nesi_Mstaafu (Tabora)
Mwambie aende hospitali na huo unga. Unga wa mizizi unaofanya kazi siku tatu mara nyingi una predinisoloni, dawa kali ya hospitali ya kutuliza uvimbe, imesagwa humo. Na asiuache ghafla bila kumuona daktari, nasisitiza.

Mama_Tunu
Haya makubwa. Na wale wa vidonge vya njano vya mara moja kwa wiki, jmn ni MARA MOJA KWA WIKI. Wifi yangu aliandikiwa vibaya kwenye bahasha akawa anakunywa kila siku, siku ya nane mdomo wote vidonda hata uji haupiti, alilazwa. Mi nakunywa Jumapili tu, nimeandika kwa mkaa ukutani jikoni.

Bati_Jekundu
Maza wangu ye hana splinti, amekata tyubu ya baiskeli kaviringisha kwenye mwiko na kwenye kisu mpaka vimenenepa kama mpini wa jembe, anasema hapo halazimiki kufumba ngumi sana. Chupa ya mawese anafungua kwa kuibana mlangoni. Mlango umeshaharibika ila mawese tunakula

Simba_wa_Gungu
Jasho je? Mi mke wangu anavua saa saba usiku anasema anaungua

Mama_Tunu
Mkatie soksi ya pamba mbele avae kwanza

Bibi_wa_Kibirizi (Kigoma)
Nimerudi wanangu. Leo nimeipeleka hospitali ndani ya kikapu nikiwa na mjukuu mwenyewe, maana usiku hakulala kwa kujilaumu. Yule kijana wa tiba kacheka mpaka kaegemea meza, kaitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto, ikanyooka yenyewe kama chapati, kanilazia tena mkononi, mjukuu ndo kashikilia pale kwenye gumba mpaka ikapoa. Haikufika hata robo saa. Ameambiwa maji ya baridi na sabuni, kivulini. Kidole kimerudi Tanzania.

Simba_wa_Gungu
Hongera bibi. Hiyo soksi sasa, inavaliwa ndani au juu ya plastiki?