Mfupa wa bata juu ya insha yangu

Ndugu wana jukwaa,

Naandika haya saa sita na robo usiku, viatu vikiwa bado miguuni, kwa sababu nimetoka sasa hivi kwenye chakula cha kutangaza washindi wa shindano la insha la jumuiya yetu hapa Guangzhou, na nisipoyasema usiku huu nitapasuka. Jaji mkuu simtaji. Kila aliyewahi kushuka kituo cha Xiaobei na begi la sampuli anamfahamu: ni yule anayefungua kila kikao kwa kukohoa mara mbili, kisha akatukumbusha kwamba yeye alifika Uchina kabla WeChat haijazaliwa.

Mada ilikuwa "Maisha yangu Uchina", maneno 1,000, kiingilio yuan 50. Nikalipa. Niliandika kwa wiki tatu, usiku baada ya kufunga mizigo, halafu nikaikopi kwa mkono kwenye karatasi nne safi, kwa kuwa yeye mwenyewe alisisitiza kwamba mwandishi wa kweli hutambulikana kwa mwandiko wake. Niliandika ninachokijua: ule msimu wa Machi ambao wenyeji huuita huinantian, hewa yenye unyevunyevu inapopanda kutoka kusini na kukuta kuta ambazo bado zina baridi, nyumba nzima ikatoka jasho, vigae vikalowa kana kwamba mtu amepiga deki, na viatu ulivyovitunza kwa ajili ya harusi vikaota ukungu wa kijani. Nikaeleza jinsi mama mwenye nyumba wangu alivyopanda ngazi hadi ghorofa ya sita kunigombeza kwa kufungua madirisha ili nyumba ikauke, kumbe ndivyo nilivyokuwa nikiikaribisha hewa hiyo ndani.

Sasa sikilizeni. Tumekaa watu kumi na wawili kwenye meza ya duara, ile yenye kioo kinachozunguka katikati, na insha zote zimepangwa juu ya kioo hicho, mkabala na jaji mkuu. Analetwa bata wa kuchoma. Mheshimiwa anamaliza paja, anaangaza macho akitafuta pa kuweka mfupa, na ijapokuwa kisahani cha mifupa kiko mbele yake, mbele yake kabisa, anauweka juu ya ukurasa wangu wa kwanza. Juu ya neno "unyevunyevu". Mara mtu wa upande wa pili akataka mchuzi, akazungusha kioo, na insha yangu ikaondoka na mfupa wake kama daladala iliyopata abiria: ikapita mbele ya mweka hazina, ikapita mbele ya wageni, ikafika mbele yangu, ikanipita. Nilinyoosha mkono nikachelewa. Mara tatu, ndugu zangu! Katika mzunguko wa tatu ilikuwa na mifupa minne, kwa kuwa watu walishaamini kwamba hiyo ndiyo sahani yenyewe.

Na nani ameshinda? Shemeji yake. Insha ya mshindi inaanza na yule twiga wa Malindi aliyefikishwa kwa mfalme wa nasaba ya Ming mwaka 1415 (insha nne kati ya saba zilianza na twiga huyo, maskini hapumziki), inapita kwenye Ukuta Mkuu ambao mwandishi hajawahi kuutia machoni, maana kutoka hapa hadi Beijing ni zaidi ya kilomita 2,000 na yeye hata Foshan, ambako metro inafika, huenda kwa kubembelezwa, na inafikia kilele kwa "theluji inayofunika dirisha langu kila Desemba". Theluji! Guangzhou! Mji ambao Januari 2016, zilipodondoka chembe chache tu, watu walitoka nje kuzipiga picha kana kwamba mwali anatolewa.

Zawadi ilikuwa sufuria ya umeme ya kupikia wali. Sina shida nayo, ninayo mbili. Lakini mfupa, ndugu zangu. Na kisahani kilikuwepo.

Bibi Kontena: Pole sana, kaka yangu. Mimi nilikuwepo na moyo unanisuta, kwa hiyo bora niseme: mmoja kati ya mifupa ile minne ni wangu. Niliona karatasi imeshachafuka, nikadhani mgahawa umeziweka kwa kazi hiyo. Nilichobahatika kuusoma ulikuwa mstari mmoja uliochungulia chini ya bawa, nao ulikuwa mzuri.

Mpemba wa Sanyuanli: Mwenye uzi anasema mara tatu. Mimi nilihesabu tano, na katika mzunguko wa nne ukurasa wa pili uliwekewa birika la chai. Isitoshe, yeye mwenyewe ndiye aliyezungusha kioo mara moja kwa sababu alitaka kachumbari ya tango. Aliache hilo pia lisemwe.

Mwanafunzi wa Wuhan: Kabla hatujamlaumu jaji, tuangalie lugha. "Nikaikopi" ni kitu gani? Kiswahili sanifu kina neno kunakili. Mtu anayekopi hadharani asishangae akiwekewa mifupa.

Mwenye uzi: Kijana, nimeandika usiku wa manane nikiwa na hasira. Sawa, nilinakili. Nilinakili kurasa nne, na juu yake pakawekwa mfupa wenye mchuzi. Kosa langu la lugha halikumpofusha mzee asikione kisahani.

Mama Yiwu: Nyinyi wa Guangzhou mna bahati hata ya kuwekewa mifupa. Insha yangu ilirudishwa bila kusomwa kwa maelezo kwamba Yiwu haimo katika jumuiya, ilhali michango ya misiba ikipita Yiwu tumo. Soko letu lina vibanda zaidi ya 70,000, nimevizunguka mpaka goti limeota maji, nikayaandika yote hayo, na yuan 50 zangu hazikurudi.

Bibi Kontena: Hapo umegusa penyewe, dada. Waandishi saba, na wewe wa nane, kwa yuan 50 ni yuan 400. Sufuria ile naiuza mimi mwenyewe dukani, bei yake ni yuan 120. Mweka hazina atueleze yuan 280 zimekwenda wapi.

Mpemba wa Sanyuanli: Zimemnunua bata. Wawili, kwa usahihi.

Mwenye uzi: Ngojeni kwanza. Kwa hiyo mfupa ule nimeulipia mimi?

Mzee wa CBM: Wanangu, nimewasoma kwa makini na ninaona mnalilia mambo madogo. Huyo huyo mnayemsema aliwahi kunipimia sofa za Foshan. Kiwandani zilikuwa CBM 6, yaani zile mita za ujazo tunazolipia usafirishaji, kwa karatasi yenye muhuri. Zilipofika ghalani kwake zikawa CBM 8 na nusu. Nilipouliza, akanijibu kwa utulivu mkubwa kwamba sofa huvimba kwa unyevunyevu.

Mwanafunzi wa Wuhan: Basi insha ya unyevunyevu aliielewa vizuri sana.

Bibi Kontena: Kwangu zilivimba nepi za watoto, katoni 40. Mzee, tufungue uzi wa mizigo, huu hautoshi. Na tuombe kwamba kuanzia sasa kila mtu apime kwa futi yake, mbele ya mashahidi wawili, kabla mlango wa kontena haujafungwa.

Mwenye uzi: Ndugu zangu, naomba turudi kidogo kwenye mfupa.

Mama Yiwu: Tumekusikia, kaka. Mzee wa CBM, huyo wa ghalani bado anapokea mizigo ya kutoka Yiwu, au naye anasema hatumo? Nina vioo vya mezani na sitaki vifike vimevimba.

Mzee wa CBM: Anapokea, mwanangu, fedha ya Yiwu haina ubaguzi. Lakini mwambie akupe risiti yenye urefu, upana na kimo, asikuandikie jumla peke yake.

Mpemba wa Sanyuanli: Nikiwa hapa hapa, kuna mtu anayejua duka lililobaki na unga wa sembe? Niliyekuwa namtegemea amefunga tangu Mwaka Mpya wa Kichina na hajarudi.

Bibi Kontena: Unga umefika jana, kilo mbili mbili. Njooni kabla ya saa nane mchana, na mje na mifuko yenu.

Mama Yiwu: Niwekee sita, nitamtuma mtu na treni ya Ijumaa.