Naomba ushauri: je, bastola ya CZ Shadow 2 inastahili bei yake?

Ndugu wanachama, salaam. Mimi ni mmiliki halali wa silaha hapa Nairobi, na kwa miaka miwili nimeshiriki mashindano ya shabaha ya IPSC (shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha wa vitendo) kwa bastola ya Glock 17. Sasa natamani CZ Shadow 2, ambayo muuzaji anaitoza zaidi ya maradufu ya bei niliyolipia Glock.

Nimeijaribu uwanjani chini ya uangalizi wa mkufunzi. Kwa kuwa ni ya chuma na ina uzito wa takriban kilo 1.3, karibu mara mbili ya Glock yenye fremu ya plastiki, mtutu haukuruka sana na risasi ya pili ilifuata upesi. Lakini risasi ya kwanza, ambayo triga yake huvutwa kwa safari ndefu na nzito, ilinikosesha shabaha mara kadhaa. Kabla ya hapo nilibadilisha vilengeo vya Glock yangu, nikapata nafuu ndogo tu. Sikusudii kuibeba Shadow 2 kiunoni; ni ya mashindano peke yake.

Je, kwa mshindani wa kiwango cha kati, tofauti hiyo huonekana kweli kwenye alama, au fedha hizo zingefaa zaidi kununulia risasi za mazoezi? Na ninyi mliohamia Shadow 2, mlichukua muda gani kuizoea triga ya risasi ya kwanza?