Mama anatumia warfarini na ameanza dawa za Kichina za magoti: naomba ushauri

Binti wa Mbagala
Habari za jioni, ndugu zangu. Mama yangu ana umri wa miaka 61, na tangu alipowekewa vali bandia ya moyo humeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila jioni na kupimwa INR, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, kliniki kila mwezi. Wiki tatu zilizopita, kwa sababu ya maumivu ya magoti, shoga yake alimpeleka kwenye duka la dawa za Kichina hapa Dar es Salaam, akapewa majani na mizizi ya kuchemsha pamoja na chupa ya vidonge isiyo na neno hata moja la Kiswahili. Magoti yametulia, hata ngazi anapanda bila kushika ukuta. Ila tangu juzi naona madoa ya zambarau mikononi mwake, na akipiga mswaki fizi zinatoa damu. Yeye anasisitiza kuwa hiyo ni mitishamba tu. Je, aendelee au aache?

Mzee wa Gerezani
Pole, mwanangu. Tusizikimbie dawa za Kichina kwa jina lake tu. Dawa mseto ya malaria tunayopewa kwenye zahanati zetu asili yake ni mmea wao uitwao qinghao, na mtafiti Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo.

Mfamasia Tanga
Shikamoo, mzee. Ni kweli, lakini kidonge kimoja cha dawa mseto kina miligramu 20 za artemetha na 120 za lumefantrini, nasi tunajua hivyo kabla mgonjwa hajakimeza. Chupa ya mama huyu hatujui ina nini.

Dada, usisubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke hospitali usiku huu apimwe INR, na ukiona kinyesi cheusi kama lami, au akalalamika kichwa kumuuma ghafla, hiyo ni dharura. Michanganyiko mingi ya Kichina ya viungo huwa na mzizi wa danggui, ambao pamoja na danshen, mzizi mwingine wa dawa za Kichina, unajulikana kuizidishia warfarini nguvu, hata damu ikawa nyepesi kupita kiasi. Warfarini yenyewe asiiache kwa uamuzi wake, kwani damu inaweza kuganda kwenye vali.

Vidonge ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi. Nafuu ya haraka namna hiyo hunifanya nishuku kwamba vimechanganywa kwa siri na diklofenaki, dawa ya maumivu ya hospitali, au deksamethasoni, ambayo ni steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, jambo ambalo wakaguzi wa dawa wa nchi mbalimbali wamelibaini mara nyingi katika dawa zinazouzwa kama mitishamba ya viungo. Diklofenaki juu ya warfarini huweza kumfanya mtu avuje damu tumboni.

Kibibi
Basi avitupe vyote leo hii!

Mfamasia Tanga
Asivitupe, Bi Kibibi. Asimeze tena kabla ya kuonana na daktari, lakini chupa na mabaki ya mizizi viende hospitalini pamoja naye. Ikiwa vina steroidi na amevitumia wiki tatu, kuviacha ghafla kunaweza kumletea udhaifu na shinikizo la damu kushuka, kwa hiyo daktari lazima ajue.

Mpitanjia
Naongezea habari ya figo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Brussels, wanawake zaidi ya 100 waliotumia vidonge vya kupunguza unene waliharibikiwa figo, kwa kuwa badala ya mmea uitwao fangji uliwekwa guang fangji, wenye asidi ya aristolokiki. Baadhi yao walikuja kupata saratani ya njia ya mkojo. Majina yalifanana tu. Muombeni daktari ampime figo pia.

Binti wa Mbagala
Ahsanteni sana. Nimetoka hospitali alfajiri hii. INR imefika 6.8 wakati kliniki huitaka isizidi 3.5, na mama amelazwa. Chupa nimemkabidhi daktari, ingawa njiani mama alinisihi niseme kwamba dawa ni yangu.